Sheria ya Mama Kwenye Maporomoko

Jina la gemu lile sikuwahi kulijua. Karatasi ya juu ya kaseti ilikuwa imeshabanduka kabla kaseti haijafika kwetu, na maandishi yaliyotokea kwenye tivii yalikuwa ya Kichina au ya Kijapani, hakuna aliyejua, kwa hiyo tuliliita la wanajeshi na mambo yakaenda. Yalienda hivyo mpaka Jumapili moja ya mwezi wa nne mwaka huu, dada yangu alipotufuata nyumbani Mlowo baada ya ibada akiwa na kiboksi mkononi. Ndani yake mlikuwa na kijiti cheusi cha kuchomeka nyuma ya tivii na padi mbili zisizo na waya.

"Haya, bwana mdogo," akasema huku akivua viatu vyenye matope mlangoni. "Muuzaji ameapa kwamba magemu yote ya zamani yamo humu. Tafuta letu."

"Umekinunua wapi?"

"Tunduma, kwa wamachinga. Usianze kuniuliza kama kina risiti."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuuliza hicho hicho.

Nilijua hakuja kwa ajili ya gemu. Alikuja kuchukua jibu. Dada yangu ni mfanyabiashara wa mchele. Anaufuata mpunga Msangano wakati wa mavuno, anaukoboa, anauza Tunduma kwa Wazambia wanaovuka na kwa kila mwenye sufuria. Miaka yote hiyo alikuwa anauzia chini, juu ya turubai, chini ya mwavuli mmoja mkubwa ambao upepo ukiamua unaondoka nao. Mvua ikinyesha anafunika magunia kwanza, yeye baadaye. Sasa alikuwa amepata fremu ya duka karibu na soko, yenye chumba cha nyuma cha kuhifadhia magunia. Lakini hawezi kuwa Msangano ananunua na wakati huo huo akawa Tunduma anauza. Alitaka mimi nikae kwenye fremu. Hakutaka niwe kijana wake wa dukani. Alitaka niwe mwenzake, nusu kwa nusu, na mwenye fremu alikuwa amempa mpaka Jumatatu. Akikosa, fremu anachukua muuza vitenge, na mavuno yanamkuta dada yangu barabarani tena.

Alikuwa ameniuliza tangu kabla ya Pasaka. Nikamjibu, "Ngoja nifikirie."

Hilo ndilo jibu ninalowapa watu wote. Nina shahada ya uchumi wa kilimo, na tangu nimalize chuo nimekuwa nikifikiri kana kwamba nimeajiriwa kufikiri. Kwenye usaili mmoja niliulizwa nijieleze kwa kifupi. Nikaanza kujiuliza kifupi chao ni kifupi gani, nianzie kuzaliwa au chuoni, na kama nikianzia chuoni hawataona ninaficha kitu. Nilikaa kimya muda mrefu mpaka mama mmoja kwenye ile meza akanisogezea glasi ya maji.

Kuhusu fremu nilikuwa na maswali ya kutosha. Mpaka ukifungwa ghafla je? Panya je? Nikiitwa usaili wiki ile ile ya mavuno je? Watu wa kanisani, waliochanga nilipokwenda chuo, watasemaje wakinikuta nimeshika kopo la kupimia mchele? Na chini ya maswali yote hayo kulikuwa na moja ambalo sikulisema kwa sauti: dada yangu akipoteza kila alichojenga kwa sababu ya kitu nilichokosea mimi, nitaishije naye?

Basi nikachomeka kile kijiti. Afadhali gemu kuliko jibu.

Orodha iliyotokea ilikuwa ndefu, na sisi hatukuwa na jina la kutafuta. Mimi nilitaka tuanze juu, tufungue moja baada ya jingine kwa utaratibu. Dada akaninyang'anya padi, akawa anaruka ruka, anafungua hapa, anafunga pale. Magari. Ndege. Mtu mnene mwenye kofia. Mama alikuwa sebuleni humo humo, ungo mapajani, anamenya maharage mabichi na kujifanya hatusikii. Mara ukatokea mlio wa muziki, mkali, wa haraka haraka, na kabla mimi na dada hatujatazamana Mama akanyoosha ganda la haragwe kuelekea kwenye tivii.

"Hilo! Hilo ndilo lililonimalizia vikombe!"

Mama alikuwa na mgahawa Tunduma tulipokuwa wadogo, kabla miguu haijamchosha akarudi Mlowo kwenye kahawa ya ukoo. Wateja wake walikuwa madereva wa magari makubwa wanaosubiri kuvuka. Foleni ile ilikuwa haina adabu. Dereva angeweza kuoga, kufua, na nguo zikakauka kwenye bampa bila gari kusogea. Mama aliona kwamba mtu akisubiri sana anahama, anakwenda kunywa chai kwingine ili tu abadilishe benchi. Akanunua gemu ng'ambo ya mpaka, Nakonde, likiwa na kaseti moja, akaliweka kwenye tivii ya mgahawani. Na akaweka masharti: hakuna kucheza peke yako. Padi zilikuwa mbili, na kila aliyeshika padi alitakiwa awe na kikombe cha chai mbele yake. Padi moja ikilala, kikombe kimoja hakijauzwa.

Kwa hiyo mtu wa Iringa alijikuta amekaa na mtu wa Kitwe, Zambia, hawajuani, kila mmoja na mwanajeshi wake, mmoja wa suruali ya bluu, mwingine ya nyekundu, wanakimbia pamoja kuelekea kulia na kufyatua kila kinachosogea. Saa ambazo wateja ni wachache, mimi na dada ndio tulikuwa tunacheza. Kwa kuwa hatukuweza kusoma chochote, tulizipa hatua majina ya kwetu. Ile ya mwanzo yenye vilima na miti ilikuwa Itumba. Ile ya theluji ilikuwa Ibaba, maana Ibaba ndiko tulikowahi kupigwa na baridi mpaka meno yakagongana. Ile yenye moto unaotoka ardhini tuliiita Msangano, na mtu yeyote aliyewahi kukaa Msangano mchana wa mwezi wa kumi hatahitaji maelezo. Dereva mgeni angeingia akasikia mtoto anamwambia mwenzake, "Ukifika Ibaba, ulale chini haraka," akadhani tunazungumzia jamaa zetu.

Sasa tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, watu wazima, magoti yanalia. Nilishangaa jinsi picha zilivyokuwa ndogo. Kwenye kumbukumbu yangu wale wanajeshi walikuwa na nyuso. Hawana. Wana kidoa cha rangi ya ngozi tu. Lakini vidole vilikumbuka. Tulikufa ovyo mara za kwanza, dada akicheka kwa sauti ya juu, kisha tukaanza kwenda.

"Chukua ufagio! Chukua, chukua!"

Ufagio ni zile risasi zinazosambaa. Nikauchukua. Dada akanipita, akakuta adui wameshaanguka, akanisukuma bega.

"Umekula chakula cha nani siku hizi? Una shabaha!"

"Usinisukume, nitakufa."

"Utakufa hata nisipokusukuma."

Tukamaliza Itumba. Tukapita ndani ya ile ngome yenye kuta za umeme. Tukafika kwenye maporomoko.

Inabidi nieleze maporomoko, maana hatua hiyo haifanani na nyingine. Hapo huendi kulia. Unapanda juu, unaruka kutoka jiwe hadi jiwe, maji yanaanguka nyuma yako, na mawe mengine yanaporomoka kutoka juu. Picha inapanda na yule aliye juu zaidi. Kinachobaki chini kinatoweka, na kilichotoweka kimekufa. Picha haishuki tena hata uombe. Kwa hiyo mwenzako akipanda haraka, anakuua. Hajakupiga risasi, hajakugusa, amepanda tu.

Dada alipanda. Mimi nilikuwa kwenye jiwe la chini natazama kama lile jiwe la juu linasogea au limetulia. Mwanajeshi wangu akatoweka.

"Umeniua!"

"Umechelewa!"

"Nilikuwa naangalia!"

"Uangalie nini, jiwe ni jiwe!"

Nikarudi na roho nyingine. Akaniua tena. Mara ya tatu nilikasirika kweli, hasira ya kitoto iliyotoka sijui wapi. Nikasema kwamba hajabadilika hata kidogo, kwamba kila kitu kwake ni kuruka tu, na yeye akasema hata mimi sijabadilika, kila kitu kwangu ni kusimama, na kwamba fremu ya watu inasubiri jibu langu kama hilo jiwe. Mvua ilikuwa inagonga bati.

Mama hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Nani anahesabu?" akauliza.

Hiyo ilikuwa sheria yake ya mgahawani, nayo ilitoka kwenye ugomvi. Siku moja mgahawani walicheza dereva mmoja wa kwetu, mtu wa Dar mwenye maneno mengi, na mwingine wa Kitwe, mkubwa wa mwili na mpole. Walifika mbali kuliko walivyowahi, na watu walikuwa wamesimama mpaka mlangoni. Kwenye maporomoko yule wa Dar akapanda kama anakimbizwa. Yule wa Kitwe alikuwa akisema, "Lolela! Lolela, iwe!", ndivyo wanavyosema ngoja kwao, na mwenzake akapanda tu. Mpole akafa roho zake zote hapo hapo. Akasimama. Mwingine naye akasimama. Meza ikapinduka na vikombe vikaenda.

Mama alitoka jikoni na mwiko, unga wa chapati mpaka kwenye viwiko. Akachomoa waya wa tivii ukutani.

"Nyie watu mnashusha magari yenye mizigo milima ya Kitonga, mnapishana na mabasi, mnafika salama," akasema. "Halafu hamwezi kusubiriana kwenye kitivii?"

Yule wa Dar alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kuanzia leo, pale kwenye maji, anayeogopa ndiye atakayehesabu. Asiyeogopa atasubiri ahesabiwe, ndipo aruke. Hutaki, nenda kanywe chai kwa jirani."

Mtu mmoja nyuma akauliza kwa utani, "Mama, na kama wote wawili hawaogopi?"

"Basi atahesabu huyu mwanangu. Huyu anaogopa kwa niaba ya Tunduma nzima."

Walicheka mpaka wakasahau ugomvi. Mimi niliona aibu, nikajificha nyuma ya friji ya soda. Lakini kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi. Madereva waliniita karani, kama yule anayehesabu magunia yanapopakiwa. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya wachezaji wawili, natazama mawe, natazama nani yuko wapi, na siruhusu mtu aruke mpaka nione wote wawili wana pa kukanyagia. "Moja, mbili, haya!" Wanaruka pamoja. "Moja, mbili, haya!" Kulikuwa na madereva ambao hawakukubali kuanza kama sipo. "Iwe karani, isa kuno," yule wa Kitwe angeniita akipiga piga ile ndoo nije nikae, na tukimaliza maji yale angeniambia, "Natotela," asante, kwa heshima kamili, kama anamshukuru mtu mzima.

Jambo moja lakini nililielewa vibaya, na si mimi peke yangu. Watoto wa mtaa wote walikuja kuchungulia mgahawani, wakaona kila mtu anahesabu kwa sauti, wakachukua hivyo hivyo. Vibanda vingine vya gemu vilipofunguliwa, huko nako wakahesabu. Tulikua tukiamini kwamba gemu lenyewe ndilo linalotaka. Kwamba usipohesabu kwa sauti, jiwe halikushiki. Sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kujaribu kupanda kimya ili ahakikishe. Nilikwenda na imani hiyo mpaka chuo kikuu. Jioni moja bwenini wenzangu walikuwa wanacheza gemu la aina ile kwenye kompyuta, wawili wanapanda ukuta, wanakufa kufa, na mimi nikawaambia kwa uhakika wote, "Hamhesabu, ndiyo maana."

"Kuhesabu nini?"

"Kuhesabu kwa sauti. Ndipo linawaruhusu."

"Kwani kompyuta inasikia?"

Walicheka hata wakalia. Kwa muda mrefu baada ya hapo nikipita kwenye korido mtu angesema "moja, mbili, haya" nami nikageuza njia. Nililifikiria jambo lile kuliko nilivyofikiria mitihani. Niliamua kwamba utoto wangu wote ulikuwa ujinga. Kwamba niliheshimiwa kwa kitu ambacho hakikuwepo.

"Nani anahesabu?" Mama akarudia. "Au mmekwenda shule mkaacha akili kwenye gari?"

Dada akaniangalia. Akashusha padi mapajani.

"Haya, hesabu," akasema.

"Gemu halisikii, dada. Ni mchezo wa Mama tu ule."

"Mimi nasikia."

Sikuwa nimelifikiria kwa namna hiyo, pamoja na kufikiri kwangu kote.

Tukarudi chini ya maporomoko. Nikatazama. Kulikuwa na jiwe kushoto lililoonekana karibu, ambalo dada amekuwa akilirukia kila mara, na jiwe jingine kulia, la mbali kidogo lakini pana, la kutosha watu wawili. "La kulia," nikasema. "Bado. Bado. Moja, mbili, haya!" Tukaruka, suruali ya bluu na suruali nyekundu zikatua pamoja. Kwa pembeni niliona dada anabana meno kwa kujizuia. Kusubiri kulikuwa kunamuuma mwilini. Lakini alisubiri. Tukapanda maporomoko yote hayo mimi nikiropoka kama dalali, Mama akitamka "haya" pamoja nami chini chini bila kujua kwamba anatamka, na tulipofika juu kwenye lile dude kubwa linalotema moto dada akaachiliwa, akalimaliza karibu peke yake huku mimi nikikimbia kimbia pembeni kukwepa.

Tulifika Ibaba. Tukafia kwenye theluji, roho zetu zote. Dada akaweka padi chini na kujinyoosha.

"Nikuambie kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama, usinigombeze. Mwaka jana ule mchele uliovunda sikuuziwa na mtu mbaya kama nilivyowaambia. Niliuona mpunga, niliona watu wengine wanakuja kununua, nikaogopa kuukosa. Haukuwa umekauka. Mwenye mpunga aliniambia nisubiri jua la siku mbili. Sikusubiri."

"Kumbe!" akasema Mama.

"Kumbe. Nikaumwaga nyuma ya soko, bata wakala." Akanigeukia. "Wewe unadhani nakufuata kwa sababu ya shahada? Wenye shahada Tunduma wamejaa, wengine wanaendesha bodaboda na wanaendesha vizuri. Nakufuata kwa sababu mtu kama mimi akiwa peke yake kwenye hii biashara ataiua. Nahitaji mtu wa kuniambia bado."

Nilitaka kusema kwamba "bado" yangu haina mwisho, kwamba yeye anaijua ya kwenye maporomoko tu, ambako muda ukiisha kidude kinakufa na unaanza upya. Nilitaka kumweleza lile swali la chini. Nikalisema. Sijui kwa nini lilitoka. Labda kwa sababu mikono ilikuwa bado imeshika padi.

"Na nikikosea mimi, ukapoteza kila kitu?"

Dada alifikiri. Ni mara chache kumwona akifikiri, uso wake unakuwa kama wa mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Nitakutukana," akasema. "Halafu tutakula."

Mama akacheka peke yake kule kwenye ungo.

"Nitakuja kesho kuiona hiyo fremu," nikasema. "Sijasema ndiyo."

"Hujasema hapana."

Jumatatu mvua ilikuwa imeachia, na mwenye fremu alitukuta tunamsubiri. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti kubwa na funguo nyingi, mtu aliyezoea wapangaji wanaotazama mlango, wanatazama barabara, wanakubali. Mimi nilianza na dari. Nikauliza kuhusu bati, limepigiliwa lini. Nikauliza jirani wa kulia anauza nini, kama ni dawa za mashamba au chakula. Nikachuchumaa nikatazama chini ya mlango kama panya anapita. Nikauliza maji ya mvua yanatokea wapi na yanaelekea wapi.

"Kijana," mzee akasema, "unapanga au unaposa?"

Dada akaficha kicheko kwenye kitenge chake. Nje, yule muuza vitenge alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro, mikono nyuma, anapima fremu kwa macho.

Nikaingia chumba cha nyuma. Kilikuwa na giza na harufu nzuri ya rangi mpya. Rangi mpya ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nikaweka kiganja ukutani, juu, kisha katikati, kisha chini karibu na sakafu, nikakiacha hapo. Ukuta ulikuwa wa baridi na unanata. Nikatoka kupitia uchochoro nikazunguka nyuma. Bati la jirani lilikuwa linamwaga maji yote kwenye ukuta ule ule, na mchanga ulikuwa umechimbika shimo.

Niliporudi dada alikuwa ameshashika mkataba na kalamu.

"Bado," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mzee akageuka. Muuza vitenge akasogea hatua moja. Niliona kalamu ya dada ikiwa hewani, na niliona shingo yake, ule mshipa unaosimama anapotaka kitu mara moja. Nje kulikuwa na mtu wa kukichukua kitu hicho, na mavuno yalikuwa hayako mbali. Dada alitazama kalamu. Kisha akaiweka juu ya ule mkataba, akakunja mikono, akasubiri.

Sasa hapakuwa na mtu mwingine wa kusema. Nikamweleza mzee kuhusu ukuta. Nikamwambia magunia yakiegemea pale mchele utavunda kuanzia chini bila mtu kuona, na mpangaji aliyepoteza mchele ni mpangaji anayehama. Nikasema maji ya jirani yawekewe mfereji yaelekee mtaroni, ukuta uachwe ukauke, na sisi tutapiga chaga za mbao ili magunia yasiguse sakafu.

"Na yule pale?" Mzee akaonyesha nje kwa kidevu. "Yeye hajaniuliza hata choo kiko wapi."

"Vitenge navyo vinaota ukungu, mzee. Atakufuata kabla ya miezi miwili."

Mzee akaenda mwenyewe chumba cha nyuma. Tulimsikia akipiga piga ukuta kwa kiganja. Alirudi anafuta mkono kwenye koti.

"Huyu mmemtoa wapi?" akamuuliza dada.

"Tumezaliwa naye."

"Pole."

"Nimezoea. Ila mzee, kubali tu. Akishaanza hamalizi."

"Tunaichukua," nikasema. "Mfereji ukiwekwa, tunaichukua."

Nililisikia neno likitoka, tunaichukua, na nikasubiri ile hofu inifuate kama kawaida yake. Ilikuja. Lakini ilinikuta nina mambo ya kufanya: fundi wa bati alikuwa anakaa karibu na stendi, mzee alikuwa na namba yake, na dada alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua mahali pa kuweka mzani.

Sasa ni mwezi wa sita. Asubuhi Tunduma kuna ubaridi wa kuvaa makoti mawili, na mimi nakaa mlangoni mwa fremu jua linaponifikia. Bado natuma maombi ya kazi. Mtu wa kanisani alipita, akanikuta na kopo la kupimia, akasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumjibu tangu mwezi wa nne. Akaniuliza kama nina mchele wa kunukia, akanunua, akaenda zake.

Leo dada amenipigia simu kutoka Msangano. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na mbuzi, na alikuwa anaongea haraka.

"Nimepata mpunga mzuri, gari lipo hapa, wengine wanakuja. Niambie."

"Umeung'ata?"

"Nimeung'ata, mkavu."

"Ng'ata nisikie."

"We mtu wewe!" Kisha nikasikia, karibu kabisa na simu, punje ikivunjika kwenye meno yake. Kavu.

"Hiyo ya juu. Zamisha mkono katikati ya gunia."

Akanitukana kwa Kinyiha, tusi la nyumbani ambalo Mama hulitumia kwa mbuzi. Nikasikia magunia yakisogezwa, akimwambia mtu ashike kamba. Nikasubiri. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na mfuko wake umefunguliwa, nikamwonyesha kidole anisubiri kidogo. Kutoka Msangano ikaja punje ya katikati, ikapasuka kwa mlio safi, halafu nyingine kutoka gunia jingine, halafu nyingine tena bila mimi kuiomba.

"Pakia," nikamwambia.